Usikubali Kupigiwa Windows, Mwanangu

*Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama 28 hapa Ifakara. Hesabu zetu zote za mwaka huu, yaani hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii, nimeziweka kwenye laptopu yangu ya HP niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Juzi baada ya kikao niliirudisha nyumbani kwa bodaboda. Asubuhi yake nikaiwasha, ikaleta kioo cheusi chenye maandishi kwamba haikuona kifaa cha kuwashia, na chini yake 3F0. Fundi wa hapa mjini anasema Windows imekufa, anipigie nyingine kwa elfu ishirini na tano. Mdogo wangu ameona video kwamba diski ikilazwa kwenye friza inaamka. Mgao wetu ni mwezi ujao, na mwenyekiti na mweka hazina sijawaambia kitu. Humo humo zimo picha za marehemu mama ambazo sina pengine. Silali, Babu. Nifanyeje?*

*N.K., Ifakara*

Mwanangu N.K., pole sana. Anayekesha kwa ajili ya fedha za wenzake ni mwaminifu, mwizi angelala. Kwa hiyo nakujibu nikijua naongea na mtu mwema aliyebanwa, na maneno makali utakayoyakuta huko mbele yapokee hivyo.

Jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Kama laptopu imewashwa, izime. Kama umekuwa ukiiwasha kila mara kuangalia labda imepona yenyewe, acha. Sababu nitaieleza.

Shida ziko tatu, si moja

Umeandika kana kwamba limekupata jambo moja. Ipo laptopu, ambayo ni kitu cha dukani. Ikifa inapatikana nyingine. Zipo hesabu za kikoba, ambazo unaamini zimo ndani ya diski tu, ingawa nitakuonyesha kwamba sehemu kubwa iko nje. Na zipo picha za mama yako, ambazo, kwa usemavyo, hazipo popote isipokuwa humo.

Fundi wako anashughulika na la kwanza. Wewe unakosa usingizi kwa la pili. La tatu umelitaja mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, nalo ndilo pekee lisilo na mbadala. Mimi nitaanzia huko: picha kwanza, hesabu zifuate, mashine iwe ya mwisho. Ye yote atakayekushauri uanze na mashine, hata kwa nia njema, anakupeleka kubaya.

Mashine inasema nini

Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, Windows haianzi mara moja. Kwanza huamka programu ndogo iliyomo kwenye bodi, ile wanayoiita BIOS, nayo hukagua viungo: kumbukumbu ipo, kibodi ipo, diski ipo. Ikifika kwenye diski ikakosa pa kuanzia, inasimama na kuandika ulichokiona. Kwenye HP namba ya ujumbe huo ni 3F0.

Sasa ujumbe huo unaweza kuzaliwa na mambo mawili yasiyofanana. Huenda diski inaonekana, ila kilichoandikwa ndani yake kimevurugika. Au diski haionekani kabisa, kana kwamba mtu ameichomoa. Fundi wako amerukia la kwanza. Nakuuliza: aliangalia?

Kuangalia si kazi kubwa, na hakuhitaji bisibisi. Washa mara moja tu. Papo hapo anza kugusa kitufe cha Esc mpaka orodha ndogo itokee, kisha bonyeza F10 uingie kwenye mipangilio, utafute ukurasa wa taarifa za mashine. Au badala ya F10 bonyeza F2, upate vipimo vya HP vyenyewe, uchague kipimo cha diski. (Wasomaji wenye Dell, Asus au Acer, kwenu mara nyingi F2 ndiyo inayofungua mipangilio.) Unachotafuta ni jina la diski na ukubwa wake, tuseme GB 500. Lipo au halipo? Piga picha kwa simu kila ukurasa unaoupitia, halafu toka bila kubadilisha wala kuhifadhi chochote. Usishawishike kubonyeza sehemu ya kurejesha mipangilio ya kiwandani. Inaweza kubadili namna bodi inavyozungumza na diski, na hata diski nzima ikashindwa kuwasha Windows yake.

Ukiwa humo tazama pia tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, basi betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi imeisha, na mipangilio yako imepotea pamoja nayo. Hilo ni tatizo dogo kwa laptopu iliyotumika siku nyingi, na ningefurahi sana kama lingekuwa ndilo lako.

Sasa fikiri pamoja nami. Kama jina la diski halipo, hiyo Windows mpya fundi ataipiga wapi? Hewani? Atafanya moja kati ya mawili. Atakuwekea diski nyingine, laptopu iwake ikiwa safi kama imetoka dukani, na ile yako yenye picha za mama ibaki kwenye droo yake. Au ataisukasuka mpaka ionekane kwa dakika kadhaa, na hizo dakika, ambazo huenda zikawa za mwisho za uhai wake, azitumie kuifuta na kuandika Windows juu yake. Shilingi 25,000 unalipa wewe.

Na hata kama jina lipo, kupiga Windows upya bado si hatua ya kwanza. Fundi akifomati diski ya kawaida, vilivyokuwemo vinaweza kupatikana kwa sehemu kwa programu maalum, lakini kila kipande cha Windows mpya kinachoandikwa kinakalia mahali pa kitu cha zamani. Kama diski ni ile ya kisasa, SSD, mara nyingi hakuna cha kurudisha, kwa sababu Windows huiambia isafishe nafasi iliyofutwa, nayo husafisha kweli.

Ulipopanda bodaboda

Hujaniambia jambo ninalolitaka zaidi ya yote. Uliizima, au ulifunga kifuniko ukaitia kwenye mkoba?

Nauliza kwa sababu laptopu nyingi zilizotumika bado zina diski ya sahani. Ya kwanza ya namna hiyo ilitoka kwa IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, kifaa cha ukubwa wa kabati. Yako imebanwa kwenye kiboksi cha inchi 2.5, lakini kazi ni ile ile: sahani inazunguka, na juu yake kichwa kidogo kinasoma. Kwenye laptopu, mzunguko uliozoeleka ni mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na nafasi kati ya kichwa na sahani ni nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Kichwa hakitakiwi kugusa sahani kamwe. Diski ikizimwa vizuri, vichwa hujiweka kando na safari haina neno. Ukifunga kifuniko tu, mashine ikachelewa kulala, au ilipangwa isilale, kila shimo la barabara lilikuwa hatari.

Kwa hiyo hiyo mara moja utakapowasha kuangalia jina, tega sikio karibu na mahali pa diski. Mvumo mwepesi usiobadilika ni habari njema. Ukisikia tik, tik, tik inayojirudia kwa mpangilio, au mkwaruzo, shika kitufe cha kuwashia mpaka izime, na usiiwashe tena. Sauti hiyo ni kichwa kinachotafuta njia na kuikosa. Pengine kimeumia, na kila ukiwasha kinaweza kuparuza sahani palipo na picha zako. Ndiyo maana nilikuambia uache kujaribujaribu. Kimya kabisa nacho kina maana yake: ama diski haipati umeme, ama ni SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani na hufa bila kuaga.

Lakini usikate tamaa mapema. Kwenye laptopu nyingi za HP zenye diski ya inchi 2.5, diski inaunganishwa na bodi kwa waya bapa mfupi ulioshikwa na kibanio chepesi. Mtikisiko wa barabara unaweza kuulegeza. Waya ukilegea diski haionekani, ujumbe ni ule ule 3F0, na hakuna kilichoharibika hata herufi moja. Kurudisha waya ni kazi ya dakika chache. Nimeona watu wamefutiwa kila kitu na kupigiwa Windows, kumbe ni waya.

Friza, na dawa nyingine za video

Mwambie mdogo wako nimemshukuru kwa kukujali, na friza aiachie samaki. Diski ikitoka kwenye baridi na kukutana na joto la Ifakara, unyevu utageuka matone ndani na nje yake. Vichwa vitapita juu ya matone. Hata kama zamani kuna mtu ilimsaidia, wewe huna diski mbili za kufanyia majaribio.

Asiigonge wala asiitikise, na asifungue kile kiboksi cha diski chenyewe kwa nia ya kuona ndani. Chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu.

Lipo jambo moja la nyumbani ninaloliruhusu, kwa sababu halidhuru. Zima, chomoa chaja, chomoa flashi na kila kilichochomekwa. Kama betri ni ya kutoka kwa nje, itoe. Shika kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. Rudisha betri. Ndipo uwashe ile mara moja niliyokuambia, ukiangalia jina na kusikiliza. Wakati mwingine SSD iliyojificha hurudi kwa njia hii. Ikirudi, usishangilie, chomeka flashi na unakili picha na hesabu kabla hujafanya lingine lolote. Diski iliyopotea mara moja haiaminiki tena.

Ukimwendea fundi

Siwasemi vibaya mafundi. Wengi wanajua kazi. Ila fundi hupimwa na mteja kwa swali moja, imewaka au haijawaka, kwa hiyo hukimbilia kuiwasha. Ni juu yako kubadilisha swali. Usimwambie "nitengenezee laptopu." Mwambie hivi: "Nataka vilivyomo kwenye diski. Laptopu baadaye. Usifomati, usipige Windows, usirekebishe kitu mpaka nimenakili." Kama anacheka, muage kwa heshima utafute mwingine, ikibidi Morogoro mjini.

Afungue mbele yako. Kazi ya kwanza ni kutenganisha betri, ya pili ni kutoa na kurudisha waya wa diski. Ikionekana, mnakili. Isipoonekana, aitoe diski aichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Adapta hiyo si kitu ghali, na fundi yeyote anayejiheshimu anayo. Hapo utajua mgonjwa ni nani. Ikisomeka kwenye kompyuta nyingine, basi laptopu ndiyo yenye kasoro, waya au bodi, na wewe umepona. Isiposomeka hata huko, diski ndiyo mgonjwa.

Kuna mitego miwili mahali hapa, nayo imewaliza wengi. Kompyuta ya pili inaweza kuiona diski lakini ikaandika kwamba ni lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Jibu ni kughairi. Kompyuta imeshindwa kusoma, haijui kama kuna kitu ndani, nayo inatoa ushauri wa mtu asiyejua. Mtego wa pili ni programu ya kukagua na kurekebisha makosa ya diski. Kwa diski nzima inasaidia. Kwa diski inayokufa inaichosha na kuandika juu ya vitu. Fundi anayeelewa ataanza na nakala ya diski nzima kwenda kwenye diski nyingine, mara nyingi kwa kutumia Linux na programu ya ddrescue, ambayo husoma kwanza palipo pazima na kurudia palipo pabovu baadaye. Akitaja jina hilo kabla hujalitaja wewe, tulia, umefika.

Ikiomba ufunguo wenye tarakimu 48, maana yake diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji wa Windows, BitLocker, jambo ambalo laptopu za siku hizi hufanya zenyewe bila kukuuliza. Ufunguo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia siku ya kwanza. Itafute barua pepe ya akaunti hiyo na nywila yake sasa, kabla hujasafiri.

Na diski usiiache. Ikishindikana, rudi nayo mkononi, imefungwa kwenye kitambaa laini, si kwa kuituma na basi. Piga picha ya namba iliyobandikwa juu yake ili usije kurudishiwa nyingine. Humo kuna majina ya akina mama 28, simu zao, na nani anadaiwa kiasi gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata bila sheria, deni la mtu si habari ya mezani kwa fundi.

Wenzako lazima wajue leo

Hapa sasa nakuwa mkali, N.K.

Kuharibika kwa diski si kosa lako. Kunyamaza ni kosa lako, na linakua kila siku. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jaribu kuuona mwezi ujao: akina mama wamekaa, wengine wameshaahidi ada za watoto kwa fedha za mgao, nawe unasimama kusema hesabu hazipo tangu wiki nne zilizopita. Hakuna atakayesikia neno diski. Watasikia kwamba hesabu zimepotea wakati wa mgao, na kwamba katibu alijua. Walio na mikopo mikubwa watakumbuka kiasi kidogo. Walio na hisa chache watakumbuka nyingi. Hata mwenyekiti anayekupenda atakuwa hana la kukutetea, kwa sababu hukumpa.

Ukisema leo, wewe ni katibu aliyepata ajali na kutoa taarifa. Kikao ni kile kile na diski ni ile ile, lakini jina lako litakuwa limebaki.

Tena una habari njema za kuwapelekea pamoja na hiyo mbaya, kwa sababu hesabu za kikoba haziko sehemu moja. Kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa chenye mihuri. Waliolipa kwa simu wana meseji, na taarifa ya miamala inaweza kuombwa kwenye kampuni ya simu. Mweka hazina anajua kilichohesabiwa kwenye sanduku kila kikao, na sanduku lile lina kufuli tatu kwa watu watatu kwa sababu kama hizi. Fungua WhatsApp ya kikundi urudi nyuma mpaka Januari: hukuwahi kutuma picha ya jedwali, au faili lenyewe? Tazama barua pepe ulizotuma. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia simu uangalie OneDrive, maana Windows mara nyingi hunakili folda ya nyaraka huko bila mwenyewe kujua. Kama ulitumia akaunti ya Google, angalia na huko.

Kaeni watatu, wewe, mwenyekiti na mweka hazina, na daftari la karatasi. Iteni vitabu vyote 28. Andikeni upya mwanachama mmoja mmoja, naye asaini kwamba kiasi hicho anakikubali. Anzeni na mikopo, kwa sababu hisa mihuri inazisema zenyewe, bali mkopo ndio penye mabishano. Ni kazi ya jioni kadhaa, na inachosha. Ikikamilika, jumla ya mlichoandika lazima ilingane na fedha zilizopo sandukuni au benki pamoja na zilizoko kwa wakopaji. Isipolingana, mgao usogezwe mbele. Afadhali akina mama wanune wiki mbili kuliko kugawana kwa kukisia na kukosana miaka. Fanyeni hivi hata kama diski itapona kesho, mlinganishe.

Na usisahau kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi vyetu kwenye daraja la nne, na kuandikishwa kwavyo kunapitia halmashauri. Afisa akija kuuliza kumbukumbu, jibu la laptopu imekufa halitamridhisha. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema kabla ya umeme.

Juu ya gharama, msimamo wangu ni huu. Laptopu ni yako, ila imekuwa ikifanya kazi ya kikundi bure. Si aibu kuomba kikundi kichangie adapta, nauli ya Morogoro na kunakili hesabu. Ukarabati wa mashine na uokoaji wa picha ni wako mwenyewe. Liseme hivyo hivyo mbele yao, kabla hawajauliza.

Picha za mama

Hizi ndizo zinazoamua uende umbali gani na diski.

Kama kilichopotea kingekuwa hesabu tu, ningekuambia fundi wa kawaida akishindwa, basi. Andikeni upya, diski itupwe baada ya kuvunjwa. Kwa picha siwezi kusema hivyo. Diski yenye vichwa vilivyoumia bado inaweza kusomwa na maabara maalum zinazoifungua kwenye chumba kisicho na vumbi na kubadilisha vichwa. Gharama yake inaweza kuzidi bei ya laptopu yenyewe mara kadhaa, na hakuna ahadi. Muulize anayejitangaza kufanya kazi hiyo: uchunguzi wa awali ni kiasi gani, na mkikosa kitu nalipa nini? Na je, unafungua diski wapi? Akikuambia anafungulia pale pale mezani, chukua diski yako uondoke.

Lakini huna haja ya kuamua mwezi huu. Diski ya sahani iliyozimwa na kuwekwa mahali pakavu inasubiri. Kuharibika zaidi kunatokana na kuiwasha, si kuiweka kabatini. Iandike jina, ifunge, iweke, ukusanye fedha polepole. Wakati huo huo waulize ndugu. Picha za mama zilipigwa na nani? Waliokuwepo kwenye harusi na msiba wana simu pia. Shangazi fulani ana ulizomtumia mwaka ule. Huenda ukapata nusu bila kufungua skrubu hata moja, na nusu hiyo itakupa nafuu ya kuamua kwa utulivu juu ya iliyobaki.

Kama ni SSD, mambo ni tofauti kidogo: usiiache miaka mingi bila umeme, na tafuta msaada mapema.

Ukishapita hapa

Mashine nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Kama diski imekufa, weka SSD mpya. Bodaboda haiitishi sana, na laptopu itakuwa na kasi zaidi ya awali. Hapo ndipo fundi apige Windows, kwenye diski tupu, bila ubishi. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo muulize kama mashine yako inakubali 11. Isipokubali, Linux itabeba jedwali la hesabu bila shida. Kama diski mpya nayo haionekani, na waya ni mzima, kasoro iko kwenye bodi, na kwa laptopu ya mkononi mara nyingi hapo ni kuiacha.

Kwa kikundi, baada ya kila kikao faili litumwe kwenye simu za viongozi watatu wakiwa bado wamekaa, na flashi moja ifungiwe sandukuni pamoja na fedha. Daftari la karatasi lisife hata mkinunua laptopu ya dhahabu.

Barua yako inaonyesha unangoja kwanza laptopu ipone ndipo uwaambie wenzako. Geuza. Laptopu ibaki imezimwa, na fundi mwambie asubiri. Mpigie simu mwenyekiti leo kabla jua halijazama, umwambie maneno yale yale uliyoniandikia mimi, yote, pamoja na siku ulizonyamaza.